Kushuka Bila Kutoa Pumzi

Ndolo alikuwa amechoka, na msinielewe vibaya, si ule uchovu wa kubeba mawe mchana ukalala ukaamka mzima. Huu ulikuwa uchovu wa miaka kumi na mmoja. Ulikuwa umemwingia magotini, machoni, hadi kwenye namna alivyojibu salamu. Ukimwuliza habari ya asubuhi anakujibu, "Ni hivyo tu," halafu anaendelea kukaza skrubu yake.

Kilichomchosha ni puto. Si puto la sherehe ya mtoto, hapana. Lilikuwa puto la mita kumi na nne, nene katikati, jembamba ncha zote mbili, na mota mbili ubavuni za kulisukuma. Lililala ndani ya banda la mabati nje ya Kitengela, upande wa kwenda Isinya, na majirani waliliita ng'ombe ya mzee Ndolo. Walikuwa na sababu. Mtu anayeamka alfajiri kwenda kushikashika tumbo la kitu, akirudi nyumbani uso umekunjamana, utasema ana nini kama si ng'ombe mgonjwa?

Sasa mnisikilize, maana bila hili hamtaelewa lolote. Puto la kawaida, ukitaka lishuke unafungua valvu gesi itoke. Ukitaka lipande tena, unatupa mzigo. Jioni ikifika huna gesi, huna mzigo, na bado hujafika. Ndolo alikuwa fundi wa ndege ndogo kule Nairobi kwa miaka ishirini na minane, na mambo hayo aliyaona ya ovyo kabisa. Lake lingeshuka bila kutoa hata pumzi moja. Mbavu zake zilikuwa za kukunjika, na mikanda sita ililizunguka, kila mkanda na winchi yake ndogo ya kuuvuta. Mikanda ikikazwa, tumbo linabanwa, puto linakuwa dogo, na hewa ya nje haina nguvu ya kulibeba tena, kwa hiyo linashuka. Mikanda ikilegezwa, tumbo linajaa, linapanda. Gesi ni ile ile. Kinachobadilika ni umbo. Siku moja lingepeleka chanjo za mifugo kule ambako mvua ikinyesha barabara inageuka uji.

Mkewe, Roda, hakuliamini hata kidogo. Yeye ndiye aliyelishona lote, maana kazi yake ilikuwa kushona mahema ya harusi na matanga hapo Kitengela, na hakuna mshono wa maji kupita uliowahi kutoka kwenye cherehani yake. Lakini kushona ni kushona na kuamini ni kuamini.

"Kitu inaongeza uzito aje na hakuna mtu ameongeza kitu?" alikuwa akiuliza.

"Uzito hauongezeki, mama. Kubebwa ndiko kunapungua."

"Kubebwa na nani?"

"Na hewa."

Roda alikuwa akisonya na kurudi kwenye cherehani. Ndolo alishamletea beseni la maji na chupa ya plastiki, akaibonyeza ikazama, akaiachilia ikaelea. Roda aliangalia, akasema anaona chupa. Akaapa kwamba huko bandani hatakanyaga siku ya majaribio hata moja, kwa sababu hawezi kufunga kibanda chake aende kutazama mume wake akiaibika mbele za watu. Na kweli, miaka yote hiyo hakukanyaga.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Roda alisema neno moja, bila kelele, wakiwa wanakunywa chai. "Baba Nzilani, mimi nataka turudi Makueni. Nyumba iko, shamba iko. Macho yangu ndio imeisha."

Ndolo alimtazama yale macho. Yalikuwa mekundu pembeni, na alijua yamekuwa mekundu kwa sababu ya nani. Akaahidi. Jaribio la mwezi wa tatu lingekuwa la mwisho. Puto likishuka pale linapotakiwa kushuka, shirika lililowapa gesi na mota lingechukua mchoro wake, vijana wasomi wangeendelea nao, naye angeenda zake kupumzika. Lisiposhuka, angeenda Makueni vile vile, ila angeenda kama mtu aliyemaliza macho ya mke wake kwa upuzi. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Makueni yenyewe haikumtisha.

Siku ya jaribio ilikuwa Jumanne. Aliyeshika kisanduku cha kuongozea puto alikuwa Tabitha, mke wa Katoo, mama wa watoto watatu, mwenyeji wa Isinya. Kabla ya kuja kwa Ndolo alikuwa amesimamia mashine ya kisima cha maji kwa miaka sita, na alikuwa na mkono mtulivu kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Shirika lilikuwa limetangaza kwamba litachukua watu kumi wa kufunzwa kurusha vyombo vya anga, naye alikuwa ameomba. Hakulizungumzia sana jambo hilo. Ila barua ya maombi aliiandika mara nne, na mara zote nne alimletea Ndolo asome.

Tabitha alikaa na kisanduku chake kando ya banda. Ndolo alikuwa mbele huko, kama kilomita moja uwandani, amechora duara la chokaa ambapo puto lilitakiwa kutua. Kando yake alisimama Kavutha, msimamizi wa miradi kutoka shirika, mwanamke wa makamo mwenye viatu vizuri ambavyo tayari vilikuwa vimejaa vumbi. Mawasiliano yalikuwa ya redio za mkononi. Saa tatu kasorobo puto likapanda, zuri, limejaa, likaanza kuja.

Halafu jua likatoka nyuma ya wingu.

Jua la Kitengela mnalijua. Likikupiga mgongoni unalisikia hadi kwenye mfupa. Gesi ikapata moto, puto likavimba likaanza kupanda kwa kasi ambayo Ndolo hakuitarajia. Hili halikuwa la kumtisha mtu, kwa sababu dawa yake ilikuwa ni ile ile aliyoitengeneza kwa miaka kumi na mmoja, yaani kukaza mikanda. Miezi yote ya mazoezi, neno alilompa Tabitha lilikuwa kaza. Hata kwenye kisanduku alikuwa ameandika kwa rangi, KAZA na LEGEZA. Lakini siku hiyo alikuwa amelala saa mbili tu, Kavutha alikuwa amesimama karibu naye akiandika kila kitu, na kichwa chake kikaenda kwa mahema, ambako yeye na Roda walikuwa wamefunga kamba na mikanda tangu wakiwa vijana.

"Funga!" akasema kwenye redio. "Funga, Tabitha, funga sasa!"

Haya, niambieni. Ninyi mkiwa nyumbani, mtu akiwaambia funga redio, mnaichukua kamba mkaifunga? Mnazima. Funga stima, funga maji, funga mashine. Huku kwetu ndivyo tunavyosema, na hata mwalimu wa Kiswahili akikasirika hatuachi. Na kule kisimani Tabitha alikuwa amesikia neno hilo kwa miaka sita. Bomba likipasuka, mtu anapiga kelele kutoka mbali, "Funga!" nawe huulizi, unakimbia unazima, kwa sababu ukiuliza maji yote yameenda. Mkono wake ulishajifunza kabla ya kichwa.

Akazima. Akabonyeza swichi nyekundu, ile kubwa, ya kila kitu.

Mota zikanyamaza. Winchi zikajifunga pale pale zilipokuwa, mikanda ikiwa imelegea bado. Na Ndolo, kwa uangalifu wake wote, alikuwa ameitengeneza ile swichi hivi kwamba ikizimwa haiwashwi tena kutoka mbali, mpaka mtu alishike puto na kuiwasha kwa mkono, ili mapanga ya mota yasije yakamkata mtu. Kwa hiyo hapakuwa na la kufanya. Puto likapita juu ya duara la chokaa, juu sana, kimya, likaenda na upepo upande wa Kajiado. Ndolo alilifuata kwa macho mpaka likawa dogo, mpaka akawa hajui kama analiona au anajidanganya. Kavutha naye alikuwa ameacha kuandika.

Tabitha alikuja akikimbia, kisanduku mkononi.

"Mzee, haiwaki. Nimejaribu, haiwaki."

"Kwa nini ulizima?"

"Nilisikia funga."

Hakusema kwa kujitetea. Alisema tu kama mtu anayetaja alichosikia. Na Ndolo akasikia neno lake mwenyewe likitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, akajua papo hapo, bila kuhitaji mtu wa kumweleza. Akakaa chini kwenye chokaa na suruali yake nzuri.

Saa kumi jioni simu ya Roda ikalia. Kwenye ubavu wa puto alikuwa ameshona kipande kilichobaki cha turubai, na kipande hicho kilikuwa na maandishi ya biashara: mahema ya kukodi, na namba yake. Aliyepiga alikuwa mzee mmoja anayeitwa Kuntai, mfugaji, mbele ya Isinya kwenye njia ya Kajiado.

"Mama wa mahema," akasema, "iko kitu yako hapa kwangu. Imeshuka pole pole wakati mawingu ilikuja. Tumeifunga kwa miti isiumie. Ng'ombe inaiogopa."

Kesho yake asubuhi wakaenda wote kwa kanta, lori dogo la kukodi. Roda pia alikwenda, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kulikunja lile puto bila kuharibu mishono, na kwa sababu hakutaka Ndolo aende peke yake na uso ule. Walisalimiana na mzee Kuntai kwa Kimaasai, sopa, ipa, wakapewa chai ya maziwa. Puto lilikuwa limefungwa kwa migunga mitatu, kimo cha mtu kutoka ardhini, likiyumba kidogo. Ndolo alilizunguka akilipapasa. Halikuwa na tundu. Hakuna hata uzi uliokuwa umeachia, na gesi ilikuwa ndani yote. Roda aliona hayo pia.

Kavutha alifika saa nne na gari la shirika. Fomu ilitakiwa kujazwa pale pale kilipoangukia chombo, huo ndio utaratibu wao. Akaiweka juu ya boneti.

"Mzee Ndolo, mimi nitakuwa mkweli kwa sababu nakuheshimu," akasema. "Rekodi ya kisanduku inaonyesha mwendeshaji alizima kwa mkono. Hapa kuna sehemu ya chanzo. Ukitia alama kwa kosa la mwendeshaji, muundo wako haujaguswa. Mwezi wa tano tunajaribu tena na mwendeshaji mwingine. Ukitia alama kwa kosa la muundo, kamati inafunga faili. Watasema mfumo haujakomaa. Na vifaa vinarudishwa Ijumaa."

"Na huyu Tabitha?"

Kavutha akaangalia viatu vyake. "Hawawezi kumchukua kwa mafunzo mtu ambaye yuko kwenye ripoti ya ajali. Si mimi nimesema."

Tabitha alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, mikono ndani ya shuka. Alikuwa amesikia yote. "Andika tu ni mimi, mzee," akasema. "Ni mimi nilizima. Sio uwongo."

Sitawaficha, Ndolo alitamani. Si ilikuwa kweli? Mkono uliozima si wa Tabitha? Alama moja tu, na puto lingepanda tena mwezi wa tano, lingeshuka, watu wangeona, na yeye angekwenda Makueni akiwa ameinua kichwa. Tabitha angerudi kisimani. Kisima si kazi mbaya. Alijiambia hayo yote kalamu ikiwa mkononi, na kila alipofika mwisho alikuta amechoka zaidi kuliko alipoanza.

"Kavutha," akasema mwishowe, "mimi nilimpa kisanduku imeandikwa kaza. Halafu siku ya kazi nikamwambia neno lingine, neno ambayo huku kwetu maana yake ni zima. Akafanya vile nilisema. Sasa kosa ni ya nani?"

"Ni kuteleza kwa ulimi, mzee. Hakuna mahali pa kuandika ulimi."

"Na nikaweka swichi moja ya kuua kila kitu, haiwezi kuwashwa tena. Hiyo sio ulimi. Hiyo ni mchoro yangu."

Akatia alama kwenye muundo. Akaandika jina lake, akatia sahihi, akarudisha kalamu. Kavutha alisoma mara mbili. Akamwambia Tabitha kwamba majina ya mafunzo yatatangazwa baada ya wiki mbili, akapanda gari akaenda.

Tabitha alibaki akimtazama Ndolo. "Mzee, hukufaa kufanya hivyo."

"Nimechoka, Tabitha. Wacha."

Roda alikuwa ametandika turubai chini kwa ajili ya kukunjia, na sasa alisubiri gesi itolewe. Kuirudisha kwenye mitungi kulihitaji mashine ambayo hawakuwa nayo, kwa hiyo ilibidi iachiliwe tu, iende. Ndolo akapanda ngazi fupi aliyoazimwa na mzee Kuntai, akaweka mkono kwenye valvu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekesha akibuni njia ya kutofungua valvu hiyo. Mkono ukakataa kuzunguka.

"Ngoja," Roda akasema.

Ndolo akageuka.

"Betri iko?"

"Iko nusu."

"Basi ipande. Mara moja tu. Mimi sijawahi kuiona."

Ndolo alitaka kukataa. Hakuwa na nguvu za kuaibika mara ya pili ndani ya siku mbili, na mbele ya mke wake tena. Lakini Tabitha alikuwa ameshachukua kisanduku kutoka kwenye kanta, na mzee Kuntai alikuwa ameshaanza kufungua kamba za migunga bila kuulizwa. Ndolo akawasha swichi kwa mkono. Wakafunga kamba moja ndefu, mita sitini, ncha yake kwenye chuma cha kanta.

Mikanda ikalegea. Puto likajaa, likapanda polepole mpaka kamba ikanyooka. Roda aliinua kichwa, kiganja juu ya macho. Jua lilikuwa kali kuliko la jana.

"Kaza," Ndolo akasema, sauti ya chini.

Tabitha akakaza. Winchi zikalia kidogo, tumbo likabanwa, mbavu zikakunjana moja baada ya nyingine. Kwa muda hakikutokea kitu, na Ndolo akaangalia chini, hakutaka kuuona uso wa Roda. Halafu kamba ikalegea. Alipoinua macho, puto lilikuwa linashuka. Lilishuka bila haraka, jua likiwaka, gesi ikiwa ndani yote, valvu ikiwa imefungwa, mpaka likafika kimo cha kifua cha Roda, likasimama hapo.

Roda akaligusa. Akalizunguka lote, mkono juu ya mishono yake mwenyewe, akitafuta mahali palipotoka kitu. Hakupata.

"Tena," akasema.

Likapanda. Likashuka.

"Lete hiyo, Tabitha. Nionyeshe batani."

Safari ya tatu ni Roda aliyelipandisha, na ni Roda aliyelishusha. Safari ya nne alilisimamisha katikati, juu ya miti, halipandi wala halishuki, akaliweka hapo akilitazama mpaka machozi yakaanza kumtoka kwenye yale macho mekundu, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika kisanduku.

"Ndolo," akasema. Kwa miaka mingi hakuwa amemwita kwa jina. "Miaka yote hii nilikuwa nakushonea nikijua wewe ni mjinga."

"Najua."

"Na ulikuwa unajua najua hivyo?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaamka tu unaenda."

Ndolo alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye tairi la kanta, miguu ameinyoosha mbele.

"Hiyo karatasi," Roda akasema, "umeshaisaini?"

"Nimesaini, mama. Imeenda."

Roda alilishusha puto safari ya tano, polepole kuliko zote, na taa ya betri ikazimika likiwa bado kidogo kufika chini. Tabitha na mzee Kuntai wakalivuta kwa mkono. Halafu Roda akapanda ngazi yeye mwenyewe, akafungua valvu, akasimama pale juu akisikiliza gesi ikitoka. Ilichukua karibu saa nzima. Ndolo alikuwa amelala kabla haijafika nusu, kichwa kimeinama upande mmoja, na Roda akawaambia wale wengine wasimwamshe.